Wepesi wa Maneno na Ukweli wa Moyo: Uhakiki wa Sala ya Kufaragua Miongoni mwa Wakristo wa Chato

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wameandika mengi juu ya methali, ngano, nyimbo za kazi na majigambo. Sala ya kila siku ya Mkristo, ile isemwayo kabla ya kula, kabla ya kusukuma mtumbwi majini au kabla ya kushuka duarani, imeachiwa wanateolojia, nao wameishughulikia kwa maana yake zaidi kuliko kwa lugha yake. Matokeo yake ni kwamba dai moja limedumu bila kuhojiwa: kwamba sala yenye maneno mepesi ndiyo sala ya kweli, na kwamba maneno yakiwa mengi au yakiwa ya kukariri, moyo umekwisha kuondoka. Dai hilo husikika mimbarani kama linavyosomwa katika vitabu vya kitaalamu. Uhakiki huu unalipima kwa kuiangalia sala ya kufaragua, yaani sala isiyosomwa kitabuni, katika mazingira ya Wilaya ya Chato, mkoani Geita. Unashikilia kwamba wepesi na ukweli ni mambo mawili, na kwamba ukweli wa sala ya namna hii huonekana katika uthubutu wa mwombaji kukitaja kwa jina kile anachokitaka au anachokiogopa.

Chato ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005 na kuingizwa katika Mkoa wa Geita mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2012. Iko ufukweni, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wazinza ambako Wasukuma wamehamia kwa wingi, na Wasubi, Wahaya na Waha pia wamo. Wakatoliki, Walutheri, waumini wa AIC, Wasabato na Wapentekoste wanaishi mtaa mmoja na huzikana bila kuulizana sana. Kwa sababu hiyo kauli za sala huvuka uzio wa madhehebu kwa urahisi kuliko mafundisho yanavyovuka: Mkatoliki aliyeombwa kufungua kikao cha harusi ataomba kwa maneno ambayo jirani yake Mpentekoste angeyatumia vilevile.

Kusali, kuomba, na neno ukweli

Msamiati wenyewe unastahili kusimamiwa kidogo. Kusali, neno lenye asili ya Kiarabu, katika mazungumzo ya kawaida limekuwa jina la uanachama. Mtu akiulizwa "Unasali wapi?" haulizwi anasemaje na Mungu bali ni wa kanisa gani. Kuomba ni kitenzi cha Kibantu, ndugu wa kulomba cha Kisukuma, nacho hakijawahi kuacha maana yake ya mtaani: huomba maji, huomba kazi, huomba mtu chumvi. Kwa hiyo anayesema "tuombe" hutumia kitenzi kilekile anachokitumia dukani asubuhi akitaka kukopa sukari. Hakuna kitenzi kingine cha juu zaidi kinachomngoja mlangoni mwa kanisa. Wepesi wa sala ya Kiswahili umo tayari ndani ya lugha, kabla mwombaji hajachagua kuwa mnyenyekevu.

Neno la pili ni ukweli. Waislamu wa pwani wana neno ikhlasi kwa usafi wa nia. Wakristo wa bara hulitumia kwa nadra sana na badala yake husema "kwa dhati", "kwa moyo mnyofu" au, mara nyingi zaidi, "kwa ukweli". Hapo Kiswahili chao kinaunganisha mambo ambayo lugha nyingine huyatenga: mtu anayemaanisha anachosema, na jambo lililo kama lilivyosemwa. Kusali kwa ukweli ni yote mawili kwa pamoja. Wahakiki waliouchukua ukweli wa sala kuwa hali ya ndani tu wamelipokonya neno hili nusu ya mzigo wake, na nusu hiyo itarudi kudai haki yake mwishoni mwa uhakiki huu.

Kauli za mapokeo katika sala ya papo kwa papo

Friedrich Heiler, katika kitabu chake juu ya sala cha mwaka 1918, aliiona sala huru kuwa ndiyo asili, na sala ya kukariri kuwa ni sala iliyokauka. Marcel Mauss alikuwa amekwisha kuandika kinyume chake mwaka 1909: kwamba hata anayeomba peke yake chumbani huomba kwa maneno aliyopewa na jamii. Atakayesikiliza sala ya kufaragua katika Kanda ya Ziwa kwa dakika tano tu atampa Mauss haki. Sala isiyoandikwa ina mifupa migumu kuliko nyingi zilizoandikwa. Hufunguliwa kwa kumwita Baba na kumtaja kwa sifa. Hushukuru kwa kuamka salama. Hukumbusha kwamba wapo wengi waliotamani kuiona siku hii lakini hawakuiona, na kwamba waliopo hawakubakizwa kwa wema wao. Huwakabidhi wagonjwa, wasafiri, wafungwa, yatima na wajane, karibu kila mara kwa mpangilio huo. Hufungwa kwa jina la Yesu. Ikiwa ni sala ya chakula, walioandaa hubarikiwa na wasionacho huombewa wapate.

Sarufi yake nayo ni ya pekee. Mwombaji husema "mbele zako" ilhali mezani angesema "mbele yako". Umbo hilo limetoka katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 na limebaki kama vazi la Jumapili. Zaidi ya hilo ni matumizi ya -ka- katika dhamira tegemezi: "ukatulinde", "ukawaponye", "ukaseme nasi". Katika maongezi ya kawaida umbo hili huhitaji kitenzi kilichotangulia, kama katika "nenda ukalale". Katika sala hakuna kilichotangulia. Mwombaji anaanza sentensi kana kwamba anaiendeleza, na pengine ndivyo anavyoiona: Mungu alikuwa akitenda kabla sala haijaanza, naye anaombwa aendelee. Mwalimu wa sarufi angeisahihisha. Mhakiki ana sababu nzuri ya kuiacha ilivyo.

Je, mifupa hii inaua ukweli? Mara nyingine, ndiyo. Orodha ya yatima na wajane inaweza kusemwa mbele ya mjane aliyeketi kwenye mkeka huohuo bila yeyote kumtazama, na hapo kauli imekuwa kificho. Lakini kauli hiyohiyo hubadilika kufuatana na inaposemwa. Maneno juu ya waliotamani kuiona siku hii ni ya mazoea katika ufunguzi wa semina. Si ya mazoea katika ukanda ambako, Oktoba 2015, kifusi kiliwafunika wachimbaji katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, na watano kati yao wakaopolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mchimbaji anayeisema kauli hiyo alfajiri, kamba ikiwa mkononi, hakuitunga yeye, na haina neno hata moja jipya. Kinachoitofautisha na ya semina ni kwamba anaweza, akitakiwa, kuwataja hao wengi mmoja mmoja.

Ikumbukwe pia kwamba kwa wazee wengi wa wilaya hii Kiswahili si lugha ya jikoni. Mtu aliyelelewa kwa Kisukuma au Kizinza alijifunza Kiswahili cha sala kanisani, kikiwa kimekwisha kuganda, na hutumia kilichoganda kwa sababu ndicho alichokabidhiwa. Kumhukumu kwamba hana moyo kwa kuwa anakariri ni kumdai ufasaha, na ufasaha si tunda la imani. Webb Keane, akiandika mwaka 2002 juu ya Waprotestanti na unyofu, ameonyesha kuwa takwa la maneno ya mtu yatoke ndani yake mwenyewe lina historia yake na lilisafiri pamoja na misheni. Upande wa magharibi wa ziwa takwa hilo lilipata nguvu kwa Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowataka waliookoka wasimame na kukiri dhambi zao kwa maneno wazi mbele ya ndugu. Kwa haki ya Uamsho, lazima isemwe kwamba haukuridhika na maneno mepesi. Ulitaka majina: nani aliibiwa, kiasi gani, lini kitarudishwa. Warithi wake wa leo wameuhifadhi wepesi kuliko walivyoyahifadhi majina.

Riziki

Hakuna neno linaloonyesha ugumu wa jambo hili kuliko lile la ombi la nne katika Sala ya Bwana. Wakatoliki huomba mkate. Biblia ya Muungano imeandika riziki. Biblia Habari Njema imeandika chakula. Watu wa Chato wanaozikana pamoja huzisema zote, na katika msiba wenye watu wa makanisa mchanganyiko sauti hugongana hapo kwa nukta moja, kisha zikaungana tena.

Mkate ndio mwepesi kwa sura, lakini kwa mlaji wa ugali, mihogo na dagaa si chakula cha kila siku. Ni kitu cha chai, na katika nyumba nyingi ni cha siku ya mgeni. Wepesi wake ni wa kigeni. Chakula ni wazi, na hakimwachi mtu na swali lolote, labda ndiyo maana hakikumbukwi. Riziki ndilo neno zito. Ni fungu ambalo mtu ameandikiwa, liwe kidogo au kingi, nalo hupatikana kwa kutoka nyumbani. Asiyetoka haipati, na aliyetoka hana uhakika. Mvuvi wa dagaa analijua hivyo. Huvua kwa taa gizani, na mbalamwezi inapotawala hupumzisha nyavu, kwa hiyo riziki yake haiji "leo" na kila leo. Huja kwa majuma na kukatika kwa majuma. Akiomba ya leo wakati wa mbalamwezi anaomba asichoweza kukitafuta, na bado huomba. Hapo neno limeshika hali yake yote bila kumtaka aongeze kitu.

Kwa mchimbaji mdogo mambo si manyofu hivyo. Dhahabu haiko katika Sala ya Bwana, na waombaji wengi wa maduarani hawaitaji hata katika sala yao wenyewe. Huomba riziki. Neno hilo linaweza kuwa unyenyekevu: nipe fungu langu, sipimi. Linaweza pia kuwa pazia, kwa kuwa anayeomba fungu moyoni ameshapiga hesabu ya viroba, ya karasha, ya mgawo wa mwenye duara, na ya pikipiki. Kinachoufanya usiri huu uwe na uzito ni kwamba yupo mwingine ambaye kwake dhahabu hutajwa bila aibu. Deborah Bryceson na wenzake, mwaka 2010, walieleza jinsi wachimbaji wa ukanda huu walivyotafuta bahati kwa waganga, na jinsi utafutaji huo ulivyofungamana na mauaji ya watu wenye ualbino. Mganga huuliza: unataka nini? Mteja hujibu kwa kitu, kiasi na mahali. Kanisani mtu huyohuyo husema riziki. Ikiwa ukweli ni kutaja, basi inabidi kukubali, kwa uchungu, kwamba katika visa hivyo ulisemwa kwa mganga, na kwa Mungu ukapelekwa wepesi.

Hili halimaanishi kwamba riziki ni neno baya. Linamaanisha kwamba wepesi wake hauwezi kuwa ushahidi. Masimulizi ya Injili yenyewe yanaelekea huko. Katika Mathayo 6 kinachokatazwa ni kupayuka, na wahubiri wengi huishia hapo, kana kwamba kinyume cha kupayuka ni ufupi. Lakini katika Marko 10 kipofu Bartimayo anapaza sauti, ananyamazishwa, anapaza zaidi, na alipoitwa hakusifiwa kwa ufupi wala kukemewa kwa kelele: aliulizwa anataka atendewe nini, akataja macho. Hana, katika kitabu cha kwanza cha Samweli, aliomba kwa midomo bila sauti hata kuhani akamdhania mlevi. Naye alitaja mtoto wa kiume. Mtoza ushuru wa Luka 18 ana sala fupi kuliko zote, na katika Biblia ya Muungano kitenzi chake ni kuwia radhi. Radhi ni kile mtoto anachokwenda kumtaka mzazi baada ya kosa. Neno ni jepesi, lakini kwa Mswahili halisemwi kwa wepesi, maana linakiri kosa na ujamaa kwa pamoja. Augustino naye, akimwandikia mjane Proba, alizisifu sala fupi za watawa wa Misri, ila sababu aliyoitoa ilikuwa ya kivitendo: usikivu usichakae.

Sala ya taifa, 2020–2021

Mizani hii ilijaribiwa hadharani, na Chato ilikuwa katikati. Rais John Pombe Magufuli, aliyezaliwa mwaka 1959 na kusoma shule ya msingi Chato kabla ya kwenda Seminari ya Katoke, Biharamulo, aliitisha siku tatu za maombi kuanzia tarehe 17 Aprili 2020 ili taifa liepushwe na korona. Nyumba za ibada hazikufungwa. Wito huo ulikuwa na ubora ambao wakosoaji wa nje hawakuuona. Ulitolewa kwa Kiswahili cha kila mtu, kwa Wakristo na Waislamu, na haukumtaka mwombaji awe na elimu yoyote. Kama ombi, hauna dosari ya lugha: taifa lilikitaja kilichokuwa kikiliogofya.

Tarehe 17 Mei 2020, akiwa katika ibada kwenye kanisa la KKKT Chato, Rais aliwaambia waumini kwamba mtoto wake mwenyewe aliugua ugonjwa huo, akajifukiza, akatumia ndimu na tangawizi, akapona. Kwa kipimo cha uhakiki huu, hiyo ndiyo kauli nyofu kuliko zote zilizosikika kutoka kwa uongozi katika kipindi hicho. Baba amesimama mbele ya majirani zake, ametaja ugonjwa, ametaja mwanawe, ameshukuru kwa kile alichokiona kwa macho. Mtu anaweza kubishana na ndimu, lakini ukweli wa shukrani hiyo haubishaniki.

Kisha zikafuata siku tatu za shukrani za taifa, tarehe 22 hadi 24 Mei, na hapo ndipo sala ilipopoteza kitu. Ombi na shukrani ni vitendo tofauti vya usemi. Anayeomba hahitaji kujua. Aweza kuomba gizani, na ombi lake likawa la kweli. Anayeshukuru anadai kuwa kimepatikana kitu. Takwimu za ugonjwa kwa Tanzania Bara zilikuwa zimeacha kutolewa tangu mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo mamilioni waliinua mikono kushukuru kwa jambo ambalo hawakuwa na njia ya kulijua. Mioyo yao haihojiwi hapa. Wengi walimaanisha kila neno. Lakini katika Kiswahili, kama ilivyoonyeshwa, ukweli una nusu mbili, na maneno mepesi sana ya asante yalikuwa yamebeba moja tu. Sala ilikuwa ya dhati bila kuwa ya kweli. Wepesi wake, uliosifiwa sana wakati huo kama alama ya imani ya kitoto, ndio ulioificha tofauti hiyo, kwa kuwa sala yenye maneno mengi zaidi ingelazimika wakati fulani kusema nani amepona na nani amezikwa.

Marekebisho yalitoka ndani ya Kanisa. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka ulioonya juu ya wimbi jipya na kuwataka waamini wachukue tahadhari pamoja na kusali. Mwezi uliofuata Rais aliitisha tena siku tatu za maombi, baada ya vifo vya Maalim Seif Sharif Hamad na Balozi John Kijazi vilivyotokea siku moja, tarehe 17 Februari. Mwanzoni mwa Machi, Padri Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza hilo, alisema hadharani kwamba katika muda wa miezi miwili walikuwa wamekufa mapadri zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60. Tamko hilo si sala, wala halikukusudiwa kuwa fasihi. Hata hivyo linaisaidia sala kuliko mahubiri mengi juu ya unyofu: liliwarudishia waombaji idadi, na idadi ni hatua ya kwanza kuelekea majina.

John Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021 na kuzikwa Chato tarehe 26, kwa ibada ya Kanisa Katoliki. Ibada hiyo husomwa kitabuni. Ni sala ya aina ileile ambayo Heiler aliiona imekauka na ambayo wapenda unyofu huilaumu kwa kukosa moyo, kwa kuwa maneno yake ni yaleyale kwa mvuvi, kwa mchimbaji na kwa mkuu wa nchi. Haina mahali pa vyeo wala pa orodha ya kazi zilizofanywa. Hayo huachiwa wasemaji wa kabla na baada. Kitabu kimeacha nafasi moja tupu kwa padri kuijaza, na kinachoandikwa hapo ni jina la marehemu, lile alilopewa kwenye ubatizo.